Kovu la Zakayo Kwenye Simu Tatu

Jeneza lilipofika kwenye kona ya shamba la maparachichi, kaka yangu alibadilika sura kwenye vifua vya watu.

Tulikuwa tumevaa fulana za msiba, zile za kitambaa kinachopokea picha kutoka kwenye simu. Tulipotoka kanisani Zakayo alikuwa na uso laini uliotulia, kama mtu aliyesinzia baada ya kula. Kwenye kona, safu yote ya mbele ikawa na Zakayo anayecheka, meno yamejipanga juu na chini, na wakati Zakayo alikuwa na pengo tangu darasa la sita. Safu ya nyuma wakabaki na yule aliyesinzia. Tulipiga kama hatua ishirini, wakabadilishana. Wa mbele akasinzia, wa nyuma akacheka.

Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Bibi Sigrada, jirani yetu wa bondeni, akasimama na fimbo yake, akaangalia kifua changu, kisha kifua cha aliyekuwa pembeni yangu.

"Jamani," akasema, "leo tunazika wangapi?"

Watu walicheka, kile kicheko cha msibani kinachozibwa kwa kitenge. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta kitu kimoja kwenye zile sura mbili na sikukiona kwenye hata moja. Kovu. Lilikuwa juu ya nyusi ya kushoto, limepinda kama ukucha wa kidole gumba. Nalijua kuliko ninavyoujua uso wangu mwenyewe.

Na jeneza lilikuwa limefungwa tangu hospitali, kwa sababu ya ule ugonjwa wa kifua. Hakuna aliyemwona kwa mara ya mwisho. Tulikuwa na picha tu.

*

Kwetu huku Njombe kazi za msiba hugawanywa, na ikishagawanywa hakuna anayemuuliza mwenzake amefikia wapi, maana kuuliza ni kama kumwambia ameshindwa. Upande wa mke hutoa picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Ukoo wa baba hutoa nguo. Kwa hiyo wifi yangu Yusta, mke wa Zakayo, alichukua picha moja ya mumewe akaisafisha kwa programu ya Ng'arisha kwenye simu yake, ambayo ni ya aina ya Paa. Baba mdogo Atilio, ndugu pekee aliyebaki wa tumbo moja na marehemu baba yetu, akachukua picha ileile akaisafisha kwa Ng'arisha kwenye simu yake, ambayo ni ya aina ya Nuru. Kila mmoja akabonyeza pale palipoandikwa "Hii ndiyo sura yake." Hakuna aliyejua mwenzake naye amebonyeza.

Tulirudi nyumbani kutoka makaburini wale wawili wakiwa tayari wanarushiana maneno.

"Mkwe, umemlaza mtu," baba mdogo alisema. "Umemfanya kama amekufa."

"Baba, amekufa."

"Najua. Lakini kwenye fulana?"

"Na wewe umempa meno ya nani? Nimeishi na mume wangu miaka kumi na minne, yale meno ndiyo nayaona leo."

"Hayo si meno, hiyo ni furaha. Simu imempa furaha."

Niliuliza taratibu, "Na kovu mmelipeleka wapi?"

Yusta alinigeukia. Macho yake yalikuwa yamevimba, na ndani yake niliona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa hajui ninachosema.

"Kovu gani, wifi?"

"La juu ya jicho."

"Lilikuwepo?" Aligusa nyusi yake mwenyewe, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto. "Ngoja." Akafungua simu, akapitisha kidole. Picha za harusi, picha za ubatizo wa watoto, Zakayo kwenye trekta, Zakayo na ng'ombe wetu Mapunda. Paji la uso lilikuwa safi kote kama sahani. "Unaona? Hata siku ya harusi halipo. Au nachanganya mimi? Edina, usinichanganye, nimechoka."

Ilikuwa siku ya nne tu tangu Zakayo afariki.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Akaomba aletewe simu ya Yusta, akaishika kwa mikono miwili.

"Niacheni na huyu," akasema. "Huyu hajaanza kukohoa."

*

Betweli alisimama langoni, mahali anaposimama siku zote. Nyumba yao na yetu zinatenganishwa na ua wa miti yenye miiba ya kei-apple, lakini yeye hajawahi kukaa kwetu wala kula kwetu tangu nikiwa na miaka sita. Huja, husalimia, huchimba kaburi akihitajika, huondoka na njaa yake. Aliniita.

"Edina, kamwene."

"Kamwene, kaka Betweli. Asante kwa kaburi."

Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Mikono yake bado ilikuwa na udongo.

"Nimemtafuta kwenye picha zote," akasema. "Nimeomba mpaka simu ya binti yangu. Ile alama ya jiwe langu haipo. Edina, wewe ulikuwepo siku ile. Nilimpiga au sikumpiga?"

Niliangalia udongo kwenye vidole vyake.

"Mzee wangu alinichapa mbele ya waumini. Nikiwa na miaka kumi. Miaka thelathini na moja sijaonja chumvi ya kwenu. Tukikutana na Zakayo kiwandani mimi napita kule, yeye anapita huku. Sasa naangalia picha, hana hata mkwaruzo. Kwa hiyo nilichapwa kwa nini?"

"Sijui," nilisema.

Ndivyo nilivyosema, na ndiyo maana nimeandika hivyohivyo.

"Basi labda niliota," Betweli akasema. Akacheka kidogo, akavaa kofia. "Ni vizuri kama niliota. Ila mgongo wangu hauamini."

*

Ijumaa alikuja karani wa Ofisi ya Nakala Moja, kijana mwembamba anayeitwa Nolasco, viatu vimejaa tope la barabara ya chai. Fulana zilikuwa bado zinabadilika. Tulikuwa tumezianika kwenye kamba na kaka yangu alikuwa anasinzia na kucheka pale juu, fulana kwa fulana, na mbwa alizibwekea.

Nolasco alikunywa chai, akatoa kishikwambi chake, akatueleza kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi. Baada ya ile miaka ya picha za uongo, marehemu walipokuwa wakifufuliwa kwenye simu ili wapige kampeni na kufunga ndoa, ilikubaliwa kwamba mtu akifa sura yake iwe moja. Familia inachagua. Ng'arisha inapita kwenye kila simu, kila fulana, kila ukuta wenye picha yake, inailinganisha. Ikishafungwa haifunguliwi.

"Shida yenu ni kwamba mmechagua mara mbili, kwenye simu za aina mbili," akasema.

"Si programu ni moja?" Yusta aliuliza.

"Jina ni moja, dada. Iliyo kwenye Paa imefundishwa kulainisha. Iliyo kwenye Nuru imefundishwa kuchangamsha. Waliozitengeneza hawajawahi kukaa chumba kimoja. Sasa kila moja inamsahihisha mwenzake."

"Mpaka lini?" baba mdogo aliuliza.

"Mpaka mseme moja. Au mpaka simu zife."

"Na picha yenyewe?" niliuliza. "Ile ya kwanza, kabla hawajaisafisha."

Nolasco alitikisa kichwa. "Kwenye Paa na Nuru hakuna ya kwanza. Ikishalinganishwa, ya kwanza ndiyo hiyohiyo." Akafikiri. "Labda kama angekuwa na simu ya Kisu. Kwenye Kisu Ng'arisha haipatikani. Walijaribu kuiweka, ikawa inazima simu. Lakini nani siku hizi ana Kisu? Na wenye Ng'arisha wanasema hata kwenye Kisu itapatikana kuanzia Jumatatu."

Hakuna aliyekumbuka, na hakuna aliyeniangalia. Yusta alikuwa amenipa begi la hospitali la Zakayo niliweke stoo, kwa sababu yeye hakuweza kulifungua. Ndani yake kulikuwa na simu ya Kisu, ile nzito yenye ufa kwenye kona, ambayo kaka yangu aliitetea kama mtu anavyomtetea mbwa wake mzee. Kila mtu alimcheka. "Kila kitu kinaniambia hakipatikani kwenye kifaa hiki," alikuwa akisema. "Na mimi nasema, basi, niacheni."

"Na ikipatikana picha kwenye Kisu?" niliuliza.

"Basi inakuwa chaguo la tatu. Lakini kama ina alama ya mwili isiyoonekana kwenye nyingine, lazima kuwe na shahidi. Aape." Aligeuza kishikwambi nikasoma: *Alama. Marehemu aliipata lini, wapi, kwa mkono wa nani, nani aliona.* "Halafu inasomwa kwa sauti mbele ya ndugu na majirani. Asipotokea wa kupinga, wazazi na mwenza wanaweka kidole, tunafunga."

*

Ile Kisu niliiwasha stoo, katikati ya magunia ya viazi.

Alikuwepo. Picha mia mbili na kitu, nyingi mbovu, nyingine kidole chake kimeziba nusu. Zakayo mwenye pengo, mashavu yameingia ndani, macho mekundu. Na kovu. Nililigusa kwenye kioo kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba anachokijua.

Nilifikiri kitu ambacho mtu yeyote angefikiri. Ningeweza kuizima hii simu, nikaifukia kwenye gunia la maharage mahali ambapo Ng'arisha haifiki, nikawa naiwasha mara moja kwa mwaka. Mama angebaki na mtoto wake ambaye hajaanza kukohoa. Mimi ningebaki na kaka yangu. Nani angeumia?

Kovu lile lilitoka kwenye mpeasi wa mpakani, nilipokuwa na miaka sita. Matawi ya huku yalikuwa yetu na ya kule ya akina Betweli, na wazazi wa pande zote walikuwa wamekataza mawe. Siku ile Betweli alikuwa anarusha kutoka kwao, kokoto za mtoni, nyeupe. Zakayo alikuwa juu ya mti, ana miaka tisa. Mimi nilikuwa chini, na mimi nilitaka peasi langu. Niliokota kipande cha tofali la kuchoma.

Alishuka kimya. Damu ilikuwa imefumba jicho moja, na ndani ya damu kulikuwa na unga mwekundu wa tofali. Aliona unga. Akaniangalia. Akatema mate kwenye kiganja, akaufuta wote, akaufuta mpaka pakabaki damu tupu. Mama alipofika mbio, Zakayo akasema, "Betweli."

Betweli mwenyewe aliamini. Alikuwa amerusha, alisikia kilio.

Tulipokuwa wakubwa nilimuuliza Zakayo mara moja tu kama tusingekwenda kusema. Alikuwa anafunga kamba ya gumboti. "Acha," alisema, "lilishapona." Lakini alipopishana na Betweli barabarani aliinamisha uso upande wa kushoto, kila mara, kama mtu anayekwepa jua.

Kwa hiyo haikuwa sura tu. Nikimrudishia kovu, namrudishia na uongo wake, siku ya kumaliza tanga, mbele ya watu waliokuja kumsifu. Nikimwacha bila kovu, anakuwa mtu mwema asiyekuwa yeye, na mimi nakuwa mtoto ambaye hajawahi kuokota tofali, na Betweli anakuwa mtu aliyechapwa kwa sababu ya ndoto. Watatu wote tunasafishwa. Sikuelewa kwa nini kitu kinachomsafisha kila mtu kiniumize hivi. Bado sielewi vizuri.

*

Jumamosi mchana, siku ya kumaliza tanga, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la jiko. Watu walikuwa uani, wamevaa zile fulana, wamezoea sasa, hata hawaziangalii. Betweli alikuwa langoni. Nolasco aliuliza, "Familia, tumechagua?"

Baba mdogo alisema, "Mimi nimemwachia mkwe. Awe wa Paa. Huyu wangu anacheka sana, hata mimi ananitisha sasa."

Nilitoa simu ya Kisu mfukoni, nikaiweka mezani. Nikasema, "Mimi ni shahidi."

Nilieleza, Nolasco akaandika. Nilidhani nikishasema itakuwa imekwisha, kumbe yeye ndiye aliyetakiwa kusoma. Alisoma kwa sauti ileile ya ofisi.

"Alama, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Mahali, chini ya mpeasi wa mpakani. Kwa mkono wa Edina Mwalongo, mdogo wa marehemu, kwa kipande cha tofali. Aliyeona, marehemu mwenyewe. Marehemu alimtaja Betweli Kaduma akijua si yeye." Aliinua macho. "Nani anapinga?"

Nilisikia maji yakichemka jikoni. Baba mdogo alisema, "Edina, mwanangu, si ungeniambia mimi kwanza," ingawa hata yeye hakujua angefanya nini angeambiwa.

Nilimtazama Betweli. Hakuwa amesogea. Uso wake ulikuwa haujaamua.

"Hapingi mtu?" Nolasco aliuliza tena.

Yusta alichukua ile simu yenye ufa. Aliitazama muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Lilikuwa kushoto. Nilikuwa nalibusu, nikalisahau ndani ya siku nne." Akaweka kidole kwenye kishikwambi bila kuambiwa.

Akabaki Mama. Yusta alimpelekea simu pale mkekani. Mama aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Hapa alikuwa ameshaanza kukohoa," akasema.

"Ndiyo, Mama," nilisema.

"Na nikiweka kidole, yule mwingine anaondoka."

"Anaondoka."

Hakunitazama. Alipangusa kidole kwenye kitenge, taratibu, kama anayekwenda kushika chakula, akakiweka.

Fulana zote uani zikageuka kwa pamoja. Safari hii hazikubadilishana. Kaka yangu alikuwa pale, kwenye vifua thelathini na kitu, mwenye pengo, amekonda, kovu limepinda juu ya jicho. Bibi Sigrada akapiga mkono kinywani. "Zakayo! Kumbe ni wewe tuliyemzika!" Na akaanza kulia upya, tangu mwanzo, kama taarifa ndiyo imemfikia.

Kisha Yusta akasema, "Wifi, njoo uone hii."

Alikuwa amefungua kwenye simu yake picha ya zamani, ile ya ubatizo wa Zakayo mwenyewe. Mama, kijana, amembeba mtoto wa miezi mitano ndani ya shali nyeupe. Mtoto hakuwa na pengo, kwa kuwa hakuwa na meno. Lakini juu ya nyusi ya kushoto lilikuwepo, dogo, limepona kabisa.

"Karani," nilisema. "Hapa mimi sijazaliwa."

Nolasco alikuna shingo. "Sura ni moja, dada. Mfumo haujui habari za kabla na baada."

"Itoe."

"Imefungwa."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Ilifika mpaka langoni, na Betweli akaitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Haya sasa," akasema. Alikuwa anacheka, na macho yamejaa. "Alizaliwa nalo. Hakuna aliyempiga. Mimi simo, Edina humo, hata mpeasi haumo. Karani, tumeachiwa wote!"

Wengine walicheka naye, kwa wasiwasi. Niliona jinsi ingekuwa rahisi. Wiki moja tu, labda siku nne, na wangesema hivyo bila kucheka.

"Alipigwa," Mama alisema.

Alikunja miguu pale mkekani.

"Nimemzaa mimi. Nilimwogesha miaka tisa, uso wake ulikuwa mzima. Alipigwa, na aliyempiga ni huyu hapa." Bado hakunitazama. Alikuwa anatazama langoni. "Betweli. Ingia ndani, ukae. Edina, lete maji umnawishe."

Nilileta beseni na jagi. Maji niliyachanganya, ya moto na ya baridi, nikayajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto. Betweli alikuwa amekaa kwenye kiti cha Zakayo kwa sababu ndicho kilichokuwa kitupu, magoti yamebana, kofia mapajani. Nilipiga magoti mbele yake. Alichelewa kidogo. Halafu akanyoosha mikono, nikamimina, na udongo wa kaburi uliokuwa umekaa kwenye kucha zake tangu siku ile ukashuka kwenye beseni, mwekundu.

Mama alikuwa anaangalia mikono yangu mimi, si ya Betweli.

"Mimina," akasema. "Bado haijatakata."